Swingi ya Moe Norman: maswali ambayo wachezaji gofu wa Mombasa hawachoki kuuliza

Kila kusi inapoanza kuvuma na mipira ikapeperushwa hadi majanini, kuna mtu hunivuta kando, uwanja wa Mama Ngina au kule Nyali, akaniuliza habari za yule Mkanada. Amemwona kwenye video: mzee mnene kiasi, amesimama mbali na mpira, mikono ameinyoosha mbele kama anayesukuma mlango, anapiga mpira mmoja baada ya mwingine bila kupumzika, na yote inaangukia pamoja. Nimeishi na swingi hii, yaani namna hii ya kuzungusha fimbo, miaka mingi, kwanza nikiwa kedi, mbeba begi la wachezaji, na baadaye nikiwa mchezaji, na maswali ninayoulizwa ni yale yale. Nimeyaandika hapa kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale ya watu walioanza kuijaribu wakakwama.

## Mtu mwenyewe

Moe Norman ni nani hasa?

Jina lake kamili ni Murray Irwin Norman. Alizaliwa Kitchener, Ontario, nchini Kanada, tarehe 10 Julai 1929, na akafia mji huo huo tarehe 4 Septemba 2004. Alishinda ubingwa wa Kanada wa wachezaji wa ridhaa mara mbili mfululizo, 1955 na 1956, akaingia kwenye gofu ya kulipwa mwaka 1957. Alitwaa ubingwa wa PGA ya Kanada, chama cha wachezaji wa kulipwa, mwaka 1966 na tena 1974, na mwaka 1995 akaingizwa kwenye orodha ya heshima ya gofu ya Kanada. Walimwita "Pipeline Moe", kwa kuwa mpira wake ulikwenda moja kwa moja kama unapita ndani ya bomba.

Kama alikuwa hodari hivyo, mbona hakushinda mashindano makubwa ya Marekani kama Masters au U.S. Open?

Hili ndilo swali linaloniuma zaidi. Jibu halipo kwenye swingi. Norman alikuwa mtu mwenye haya nyingi, na umati wa watu ulimtisha. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana alishinda mashindano kisha akajificha ili asipande jukwaani kupokea zawadi. Alipokwenda kujaribu bahati yake kwenye mashindano ya kulipwa ya Marekani mwaka 1959, alivaa nguo zisizolingana rangi na akauweka mpira juu ya chupa ya soda badala ya tii ya kawaida, kile kijiti cha kuinulia mpira. Wapo wachezaji wenzake waliomjia juu kwa hayo. Akarudi kwao Kanada, na maisha yake mengi ya gofu yakaishia huko.

Kuna pia kisa cha Masters ya 1956. Sam Snead, bingwa wa Marekani, alimpa ushauri kidogo kuhusu kupiga ayoni ndefu, fimbo zenye kichwa cha chuma. Norman aliuchukua kwa uzito wote, akaenda uwanja wa mazoezi akapiga mamia ya mipira siku hiyo hiyo, mpaka mikono ikaumia na hakuweza kumaliza mashindano. Mtu aliyekuwa na swingi iliyonyooka kuliko karibu watu wote waliokuwapo ndiye aliyeenda kujirekebisha. Nikikumbuka kisa hicho huwa naona makedi wetu wanaokubali kila wanachoambiwa na yeyote mwenye begi la bei ghali.

Ni kweli alikuwa na kichaa?

Hapana, na naomba neno hilo tuliache. Alirudia maneno yake mara mbili mbili, alicheza haraka mno, hakupenda kugusana na watu wala kuzungumza na asiowajua, na hesabu za namba alizikumbuka vizuri ajabu. Wengi wanadhani alikuwa na usonji, lakini hakuna daktari aliyewahi kumpima akathibitisha. Wengine wanataja ajali aliyoipata utotoni, alipogongwa na gari akiteleza kwenye theluji. Ninachojua ni kwamba watu walimcheka kwanza na kumuuliza baadaye. Wengine hawakumuuliza kabisa.

Tiger Woods alimsifu kweli, au ni porojo za uwanjani?

Alimsifu kweli. Alisema kwamba ni wachezaji wawili tu waliowahi kumiliki swingi zao, Moe Norman na Ben Hogan, na kwamba yeye pia alitaka kuimiliki yake. Neno "kumiliki" ndilo la kuzingatia hapo. Wengi wetu swingi tunaikodi: Jumamosi ipo, Jumapili imerudi kwa mwenyewe.

Aliishi vipi kama hakupata fedha za mashindano makubwa?

Kwa shida, kwa muda mrefu. Mwaka 1995 kampuni ya vifaa vya gofu ya Titleist iliamua kumlipa dola 5,000 kila mwezi maisha yake yote, na haikumtaka afanye kazi yoyote ya ziada. Alikuwa amepita miaka 60.

## Swingi yenyewe

Watu wanaposema "mstari mmoja" wanamaanisha nini?

Simama kama unavyosimama kila siku mbele ya mpira. Mikono yako inaning'inia chini ya mabega, na fimbo inatoka mkononi kwa pembe: mkono una mstari wake, fimbo ina mstari wake. Ni mistari miwili. Sasa fikiria kile kitambo kifupi ambapo fimbo inagonga mpira. Mwili umeshaanza kugeuka kuelekea shabaha na uzito wa kichwa cha fimbo unavuta kwa nguvu kuelekea nje, kwa hiyo mikono hupanda juu kuliko ilipoanzia na ile pembe hunyooka. Karibu kila mchezaji hufanya hivi, hata bingwa. Ina maana kwamba kila unapopiga, fimbo hairudi pale ilipotoka. Inarudi mahali pengine, na mwili wako lazima upatafute hapo mahali kwa sehemu ndogo tu ya sekunde.

Norman aliondoa safari hiyo. Alianza tayari akiwa ameinyoosha mikono, na ukimtazama kwa nyuma unaona mkono wa kulia na fimbo vimekuwa mstari mmoja. Alianzia karibu kabisa na pale atakapokuwa wakati wa kugonga. Hayo ndiyo mafundisho yake yote kwa ufupi, na mengine yote utakayosoma hapa yanatokana na hilo. Ukilielewa hili, unaweza hata kusahau picha zake.

Mbona alisimama mbali na mpira?

Kwa sababu hiyo hiyo. Ukiinyoosha mikono bila kurudi nyuma, mikono itapanda na ncha ya kichwa cha fimbo itazama kwenye nyasi huku kisigino kikiinuka. Ukirudi nyuma, mikono inanyooka kuelekea mbele badala ya juu, na fimbo inalala vizuri chini. Hapa ndipo wengi wa kwetu hukosea mwezi wa kwanza. Nilikosea mimi pia: niliiga mikono nikasahau miguu, nikachimba mashimo madogo mbele ya mpira siku nzima.

Alishikaje fimbo?

Zaidi kwenye kiganja kuliko kwenye vidole, hasa mkono wa kulia, kama mtu anavyoshika mpini wa nyundo. Wachezaji wengi hufundishwa kuilaza fimbo vidoleni, kwa kuwa vidole hukipa kifundo cha mkono uhuru wa kukunjika. Norman hakuutaka uhuru huo. Kifundo kikitulia, uso wa fimbo nao hutulia.

Waliotoka kwenye kriketi hushika hivi bila kuambiwa. Mombasa ina wazee wengi wa kriketi waliohamia gofu, na nimeona mara kadhaa mwalimu akitumia miezi kuwaondolea mshiko ambao Norman angewaambia wauache ulivyo.

Na ile tabia ya kuweka fimbo nyuma kabisa ya mpira?

Kichwa cha fimbo alikiweka chini kiasi cha futi moja nyuma ya mpira kabla hajaanza. Kwa kufanya hivyo alikuwa ameshapita ile sehemu ya mwanzo ya kuondoa fimbo, ambayo wengi huiinua ghafla au kuivuta ndani. Fimbo ilikuwa tayari iko chini na iko njiani. Kanuni zina neno juu ya jambo hili. Tazama maswali ya banka na majani marefu hapo chini.

Miguu?

Aliitanua kupita mabega, magoti yakabaki yamekunjika hata wakati wa kugonga. Visigino vilikaa chini kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alipenda kuonyesha kwamba akipiga mpira, tii inabaki imesimama ardhini. Mpira umeondoka, tii haijatikisika. Jaribu hili jioni moja kwa draiva, ile fimbo ndefu ya pigo la kwanza: sio kwa nguvu, nusu tu. Ukisikia mlio mkavu wa mpira na tii ikabaki wima, utaelewa kwa nini mtu anaweza kukaa uwanjani tangu asubuhi mpaka giza.

Aliandika nadharia hii mahali?

Hakuwa mtu wa kuandika. Aliifikia kwa kupiga mipira mingi kupita kiasi na kusikiliza mikono yake. Miaka ya 1990 watu wengine ndio walioichambua na kuigeuza kuwa masomo na kliniki, na yeye akawa anakuja kuionyesha. Kwa hiyo ukikuta wawili wanaofundisha "swingi ya Moe" na hawakubaliani, usishangae. Kila mmoja anafasiri mwili wa mtu ambaye hakufasiri mwenyewe. Mimi nikipata shaka huziacha fasiri zote nikarudi kuitazama ile video.

Bryson DeChambeau ni mwanafunzi wake?

Sio wa moja kwa moja. DeChambeau, mchezaji wa kulipwa kutoka Marekani, alizaliwa 1993, na njia yake ilianzia kwenye kitabu cha Homer Kelley, Mmarekani aliyejaribu kuieleza swingi kwa hesabu na fizikia. Lakini walifika karibu na mlango mmoja: mikono na fimbo karibu mstari mmoja, mishiko minene kwenye fimbo, vifundo vimetulia. DeChambeau aliongeza jambo lake, ayoni zote za urefu mmoja, kama ayoni ya 7, ili asimame vile vile kwa kila pigo. Nani alimcheka? Wengi. Kisha akashinda U.S. Open 2020 pale Winged Foot kwa tofauti ya mapigo sita, na tena 2024 pale Pinehurst.

Tofauti yao kubwa ni nguvu. DeChambeau aliutafuta umbali kwa kila njia. Norman hakuhangaika nao.

## Kuijaribu hapa pwani

Kweli inasaidia wakati wa kusi?

Inasaidia, na sababu yake si uchawi. Mpira hukunja kona pale uso wa fimbo unapotazama tofauti na njia fimbo inayopita. Upepo unazidisha kosa ambalo tayari limo ndani ya mpira. Swingi yenye vifundo vilivyotulia hutoa makosa madogo, basi kusi haipati cha kuzidisha.

Uwanja wa Mombasa Golf Club, ndio huo wa Mama Ngina, wa mashimo 9, upo tangu 1911 na umekaa ukingoni mwa bahari, karibu na mlango wa Kilindini ambapo meli hupita karibu hata unasoma jina lake. Hakuna kinachozuia upepo hapo. Mpira ukipaa juu na una mzunguko wa pembeni, unautazama tu unavyoelekea majini. Nyali kuna miti na unapata kificho, na watu wa huko wanaweza kuishi na kosa dogo. Mama Ngina kosa dogo ni mpira mpya.

Kaskazi ni mpole zaidi lakini hutoka upande mwingine, kwa hiyo shimo ulilolizoea mwezi wa Julai hugeuka mwezi wa Januari. Aliye na pigo moja lililonyooka hurekebisha shabaha tu. Mwenye mapigo matatu tofauti lazima abahatishe ni lipi litakuja.

Mikono ikitoka jasho mshiko wa kiganja hautelezi?

Unateleza, na joto letu sio la Ontario. Mshiko wa kiganja hutegemea msuguano kuliko mshiko wa vidole. Mimi hutembea na glavu mbili nikizibadilisha kila baada ya mashimo matatu, moja ikiwa imening'inizwa kwenye begi ikaukie upepo. Kitambaa kikavu ni lazima. Wengine huweka mishiko minene zaidi kwenye fimbo, kwa kuwa kiganja hupenda kitu cha kujaa.

Nitapoteza umbali?

Mwanzoni, ndiyo. Kifundo kisichokunjika sana na miguu iliyotanuliwa hupunguza kasi ya fimbo. Baadaye wengi hurudisha sehemu ya umbali huo kwa kuwa wanaugonga mpira katikati ya uso wa fimbo. Lakini kama wewe ni kijana unayetegemea kurusha mbali ili kushinda, nitakuambia ukweli: hii si njia fupi kwako.

Mgongo wangu unauma. Itaniumiza zaidi?

Wengi wenye mgongo mbaya hunisimulia nafuu, kwa sababu nyonga na mabega havipindani sana na magoti yamekunjika. Hata hivyo kuinama ukiwa umenyoosha mikono mbali huchosha kiuno kwa aliyezoea kusimama karibu. Anza na mipira 20, sio 200. Kama maumivu yanashuka mguuni, hilo ni la daktari kabla ya gofu.

Itanichukua muda gani?

Kusimama vizuri, wiki. Kuupiga mpira ukiwa umetulia moyoni mbele ya watu, miezi. Kosa kubwa ni kuchanganya: mtu huchukua mikono ya Norman, akabaki na miguu yake ya zamani na vifundo vya mwalimu wake wa kwanza. Ukiamua, ingia mzima mzima kwa msimu mmoja. Ukiona haikufai, toka mzima mzima.

Pro, mwalimu wa klabu, ananikataza. Nifanyeje?

Muulize sababu kwa adabu, na umsikilize mpaka mwisho. Pro mzuri atakueleza anachokiogopa, na mara nyingi ni ule umbali niliousema juu, au ni kwamba tayari una swingi nzuri isiyohitaji kubomolewa. Huyo mfuate.

Ila mimi nilipokuwa kijana kuna mwalimu aliyenicheka mbele ya wanachama kwa kusimama hivi, akasema huo ni usimamaji wa mtu anayefua nguo. Nikaacha kwa miaka minne. Hakuwahi kuutazama mpira ulikokuwa ukienda. Mwalimu anayetazama mikono yako tu bila kutazama mpira bado hajakufundisha.

Ninahitaji fimbo maalum?

La. Fimbo zako zinatosha ukisimama kwa umbali sahihi. Mishiko minene ni msaada, sio sharti. Ayoni za urefu mmoja ni habari ya DeChambeau, na zinafaa kujaribiwa za kuazima kabla hujatoa pesa.

## Kanuni na mambo ya pembeni

Swingi hii inaruhusiwa kwenye mashindano?

Kabisa. Kanuni hazikulazimishi kusimama kwa namna fulani. Zinachokataza, tangu 2016, ni kuegemeza fimbo mwilini wakati wa kupiga. Mishiko minene nayo ni halali mradi unene usizidi inchi 1.75, na ile isiyo ya pata, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, iwe ya mviringo. Fimbo zisizidi 14 ndani ya begi, kama kawaida.

Kwenye banka, yaani shimo la mchanga, naweza kuweka fimbo nyuma ya mpira kama yeye?

Usifanye hivyo. Huruhusiwi kugusa mchanga kwa fimbo mbele au nyuma ya mpira, wala unapoirudisha fimbo nyuma. Ni adhabu. Ining'inize hewani. Na swingi ya mstari mmoja sio ya mchanga laini hata hivyo; hapo vifundo vinahitajika kukunjika, kwa hiyo tumia pigo lako la banka la siku zote.

Kwenye majani marefu je?

Kanuni inakuruhusu kuilaza fimbo kwa wepesi karibu kabisa mbele au nyuma ya mpira. Futi moja nyuma sio karibu kabisa, na ukiyakandamiza majani kwenye njia ya fimbo unaweza kuhesabiwa umejirahisishia. Kwenye feawei, njia ya nyasi fupi, huna shida kwa kuwa hakuna cha kukandamiza. Kwenye majani, iache fimbo hewani.

Na kwenye grini, pale penye nyasi fupi sana kuzunguka shimo?

Hapa usimfuate. Norman alipiga pata haraka haraka kana kwamba grini ilimchelewesha, na wengi waliomjua walisema ndipo alipopoteza mapigo. Grini zetu zina nyasi zenye mwelekeo wake. Chuchumaa, zisome, muulize kedi.

Mimi ni wa mkono wa kushoto.

Geuza kila nilichosema, isipokuwa upepo.

Mtoto wangu wa miaka tisa ameiona video na anataka kupiga hivyo.

Mwache. Mpe fimbo fupi inayomtosha, asije akainyoosha mikono kwa fimbo ya baba yake akaumia mabega. Msimamishie tii moja kwenye nyasi, mwambie aupige mpira bila kuitoa. Jioni moja Mama Ngina nilimwona binti wa umri huo, kedi mmoja kamwekea mpira, kanga ya mama yake imefungwa kiunoni. Alipiga mara tano. Mara ya sita tii ilibaki imesimama, akapiga magoti akaigusa kwa kidole kuhakikisha, kisha akaomba mpira mwingine.